Mkono wa Dakika Kumi

Natangaza, kwa mamlaka niliyopewa kwa barua ambayo nakala yake iko mfukoni mwangu sasa hivi, kwamba Kamati Kuu ya Uteuzi wa Wanafunzi wa Ubingwa wa Ngozi haijawahi kukosea. Pale ilipoonekana kukosea, waliokosea ni watazamaji, na Kamati iliwasamehe.

Mimi ni Katibu wa Kamati hiyo, huu ni mwaka wa kumi na nne. Si daktari. Nalisema hilo mapema kwa sababu wapo watu wenye midomo mirefu wanaopenda kulisema kwa niaba yangu. Mimi ni mtu wa utaratibu. Daktari asiye na utaratibu ni mtu aliyevaa koti jeupe tu, na makoti meupe hata wauza nyama wanayo.

Labda nieleze kwanza kwa nini kila mwanafunzi wa udaktari anaulilia ubingwa wa ngozi. Bingwa wa ngozi haamshwi alfajiri kwenda kupasua tumbo la mtu. Mgonjwa wake hafi, na pia haponi haraka, kwa hiyo anarudi. Bingwa wa ngozi ana kiyoyozi, ana pazia zito dirishani, na ana kitabu kikubwa cha picha za rangi kilicholetwa kwa meli. Nafasi ni mbili kwa mwaka. Safari hii waliomba arobaini na wanne, na wote arobaini na wanne walikuwa wa kwanza darasani. Waliwezaje? Hilo ni suala la vyuo vyao. Na mtu huruhusiwa kuomba mara moja tu maishani. Kanuni hiyo niliiandika mwenyewe ili kupunguza barua.

Kazi ya Kamati ni kuchuja. Kwa miaka mingi tulichuja kwa makala za utafiti, ambazo zina alama hamsini. Barua za mapendekezo zina alama ishirini na tatu. Kuona wagonjwa kuna alama mbili, kwa sharti kwamba mwombaji asizidishe.

Matatizo yalianza vijana walipoujua mchezo. Kuna mmoja, wenzake walimwita Makala, aliyekuja na makala thelathini na moja kabla hajatimiza miaka ishirini na sita. Ya kwanza ilihusu chunusi kwenye shavu lake la kushoto. Ya pili ilihusu shavu la kulia. Ya tatu ililinganisha. Nilipomuuliza ni wagonjwa wangapi amewahi kuwaona, alinitazama kwa mshangao wa kweli kabisa.

"Katibu," alisema, "nitapata wapi muda?"

Nilimpenda palepale. Lakini wengine nao walikuwa na makala zao thelathini, na alama zao zilifungana kama nywele zilizosukwa. Ndipo Profesa Mwenyekiti alipoinuka katika kikao cha kwanza cha mwaka, akakohoa kidogo, akatoa wazo ambalo lilinitoa machozi.

"Mtu anayetaka kuitibu ngozi ya taifa," alisema, "lazima yeye mwenyewe awe na ngozi. Tutaipima. Tutaipima kwa mkono."

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Kipimo cha Mkono, alama ishirini na tano. Mwombaji anaingia, anazunguka meza, na kila profesa kati ya watano anamshika mkono: kiganja kwa kiganja, vidole katikati ya vidole, bila glavu, kwa dakika kumi. Profesa mmoja aliuliza kama dakika kumi si nyingi. Mwenyekiti alimjibu kwamba dakika moja ni salamu, dakika tano ni urafiki, na dakika kumi ni sayansi. Niliandika hivyo kwenye kumbukumbu na kupigia mstari.

Ili mikono ya maprofesa isipishane katika kutoa alama, tulianzisha zoezi la kuioanisha. Kila siku ya kazi, kwa wiki sita, baada ya chai, wajumbe walishikana mikono wao kwa wao, dakika kumi kumi, wakizunguka meza. Mkono wangu ulichaguliwa kuwa mkono wa kawaida wa kulinganishia, kwa hiyo nilishikwa na wote. Ilikuwa heshima kubwa. Kufikia wiki ya tano nilianza kuhisi mwasho mdogo katikati ya vidole, mwasho ambao mtu yeyote aliyewahi kubeba dhamana anaujua. Wajumbe nao walikuwa wanajikuna, lakini kwa staha, chini ya meza.

Tangazo lilipotoka, waombaji waliacha kila kitu wakaanza kujiandaa. Nilifurahi kuona vijana wanavyoipokea sera. Waliacha kuosha vyombo, wakaacha kufua, wakaacha kufungua milango. Mama mmoja alinipigia simu kulalamika kwamba mwanawe, daktari mtarajiwa, analishwa kwa kijiko. Yuko msichana mmoja aliyelala miezi miwili mizima amevaa soksi mikononi zilizojaa mafuta. Wenzake wakamwita Losheni, na jina likamkaa. Karibu na lango la chuo vilizuka vituo vya tuisheni ya kupeana mkono. Mwalimu alikuwa mtu aliyewahi kuwapokea wageni hotelini, na walimlipa vizuri kuliko walivyowahi kumlipa mhadhiri wa dawa.

Sasa nifike kwa Binti Dobi, ambaye ndiye chanzo cha maneno yote yanayosemwa mitaani.

Huyu alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, binti wa mama anayefua nguo za hospitali yetu kuu. Makala alikuwa nayo moja. Lakini kila Alhamisi, kwa miaka minne, alikuwa anakaa kliniki ya ngozi, tena si kwenye kiti cha madaktari, bali kwenye benchi la wagonjwa, na daftari lake mapajani, anachora vidonda vya watu na kuwauliza maswali. Alikuwa amezidisha mno. Kwa hesabu zangu alipaswa kupata zile alama mbili na kisha kunyang'anywa.

Nilikutana naye wiki moja kabla ya usaili, nilipopeleka majoho ya Kamati kufuliwa. Chumba cha dobi kiko nyuma ya hospitali, kina mvuke, na sakafu yake inateleza. Mama yake ana mikono mipana na sauti isiyojua cheo cha mtu. Aliyapokea majoho kwa ncha za vidole.

"Katibu, mbona unajikuna hivyo?"

"Ni majukumu, mama."

"Majukumu yanakaa katikati ya vidole?"

"Yanakaa popote yalipopangiwa."

"Na hapo kwenye mkanda? Umejikuna mara tatu tangu uingie." Aliyatupa majoho kwenye pipa la maji yanayochemka. "Haya nayachemsha. Na wewe ungeenea humo ningekuchemsha."

Binti yake alikuwa pembeni anakunja mashuka. Aliniamkia vizuri, kisha akanitazama mikono. Si uso, mikono. Nililichukia jicho lile.

"Baba, Alhamisi njoo kliniki uonwe," alisema. "Hutakaa sana."

Nilimkumbusha kwamba kliniki iko chini ya Kamati, na si Kamati iliyo chini ya kliniki. Mama yake akacheka hadi akashika pipa.

"Na wewe Katibu nikuulize," alisema alipomaliza. "Huyu mtoto ananisaidia kufua tangu yuko darasa la nne. Magadi yameshamla viganja. Mtamnyima nafasi kwa hilo?"

"Kamati itapima, mama. Mkono ni mkono."

"Mimi niliwahi kwenda kwa hao maprofesa wako. Mikono imepasuka, inatoa damu, shuka nyeupe zinageuka rangi. Unajua waliniambia nini? Nibadilishe kazi."

"Ushauri wa kitaalamu."

"Ningekula huo ushauri?"

Binti yake aliweka shuka chini. "Ndiyo maana nataka kuisoma ngozi, baba," alisema. "Mtu akija na mikono yake aambiwe kitu. Siyo abadilishe kazi. Na mlango wa kuomba ni mmoja, nikikosa mwaka huu nimekosa moja kwa moja." Alisema kwa sauti ya chini, na kwa sekunde kama mbili hivi nilimwonea huruma. Kisha nikajikuna, nikaondoka.

Usaili ulichukua siku nane. Waombaji waliingia wakinukia mafuta ya kila namna. Makala alishika mikono kwa unyenyekevu, na wakati wa Mwenyekiti alifumba macho. Losheni alikuwa na kiganja laini hivi kwamba profesa mmoja alimshikilia dakika kumi na nne, ikabidi nigonge meza. Maprofesa walijikuna kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea na sayansi. Waombaji hawakuuliza kitu. Hivyo ndivyo unavyomjua kijana aliyelelewa vizuri.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, aliingia Binti Dobi. Aliwaamkia wajumbe wote, mikono ameiweka nyuma.

"Mkono," alisema Mwenyekiti, akiunyoosha wake.

Binti aliutazama ule mkono. Akainama kidogo, akautazama tena kwa karibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa.

"Profesa, naomba nisiushike."

"Unasemaje?"

"Una upele, Profesa. Ule wa wadudu. Naomba radhi, lakini una upele."

Profesa wa tatu, aliyekuwa anajikuna tumboni, alisimamisha mkono hapohapo ulipokuwa.

"Binti," alisema Mwenyekiti taratibu, "unajua mimi ni nani?"

"Najua, Profesa. Unawashwa zaidi ukishajifunika shuka?"

"Wewe ndiye unayehojiwa hapa!"

"Na nyumbani kuna mwingine anayejikuna?"

Mwenyekiti alinyoosha kidole, nami nikamletea kitabu kikubwa cha picha. Alifungua ukurasa wa upele. Palikuwa na mkono wa mzungu, mweupe kama unga, wenye madoa mekundu kama nyanya. Mwenyekiti aliweka mkono wake kando ya picha.

"Wekundu uko wapi?" aliuliza. "Kitabu kinasema wekundu. Uko wapi?"

"Kwa ngozi kama zetu hautauona hivyo, Profesa. Utazame hapa, katikati ya vidole. Hiki kistari kifupi, kama alama ya penseli. Mdudu amepita humo. Na hapa kwenye kifundo, tena hapa. Hata Katibu anacho."

Wajumbe wote walinigeukia. Niliiweka mikono mfukoni. Sijawahi kudhalilishwa namna ile tangu nianze kuajiriwa, tena na mtoto wa dobi, tena mbele ya vikombe vya chai.

"Hii dawa yake ni rahisi," binti aliendelea, akionekana kabisa kama mtu anayetaka kusaidia. "Ila lazima mpake wote siku moja, na wa nyumbani kwenu, na hao waombaji mliowashika. Mkiacha hata mmoja, itarudi."

"Toka," alisema Mwenyekiti.

Kumbukumbu zangu za siku hiyo zinasema: *Mwombaji namba 31 alitoa maoni kuhusu uongozi. Hakushika mkono. Alama: sifuri kwa mkono, na pungufu kumi kwa kupima bila kibali.* Majadiliano yalichukua dakika moja. Nilimwona dirishani akivuka uwanja kuelekea kwa dobi, anatembea polepole, na mama yake alitoka mlangoni akamwona akaacha beseni lianguke. Hayo ni mambo ya kifamilia na hayakuhusu kikao.

Nafasi zilikwenda kwa Makala na Losheni. Kuhusu Binti Dobi, alipohitimu tuliipendekezea wizara impangie mahali penye ngozi nyingi. Akapelekwa zahanati iliyo mwisho wa lami, chumba cha tatu, na hadubini moja kuukuu ambayo chuo kilikuwa kimeitupa. Mlango wake wa ubingwa ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa kwenye kanuni yangu. Nilidhani hilo limekwisha.

Sherehe ya kutangaza washindi ilifana. Alikuja Mheshimiwa Waziri mwenyewe, mama mwenye msimamo na vilemba vikubwa. Mbele ya kamera, kila profesa alimshika mkono kwa dakika kumi ili wananchi waone uwazi wa mchakato. Waziri alisema katika maisha yake yote ya siasa hajawahi kushikwa mkono kisayansi hivyo. Picha zikatoka magazetini, kurasa za mbele, na tulikata za kwetu tukazibandika ofisini.

Wiki ya tano baada ya sherehe, Waziri alianza kujikuna.

Kamati haikulala usingizi wa pono. Makala aliitwa, akapewa siku nne, na siku ya tatu alileta makala yenye waandishi kumi na tano: *Mwasho wa Uongozi: Hali Mpya ya Ngozi kwa Watu Wenye Dhamana.* Hoja yake ilikuwa safi. Hakuna wekundu, kwa hiyo si upele. Wanaougua ni maprofesa watano, katibu mmoja na waziri mmoja, kwa hiyo unaandamana na cheo. Ilipobainika kwamba waombaji arobaini na watatu nao wanajikuna, Losheni aliongeza sura nzima iitwayo mwasho wa matarajio. Na mama zao, na kaka zao, na walinzi wa getini kwao? Hao walikuwa ndugu wa karibu wa matarajio. Kwa tiba, makala ilipendekeza kupunguza vikao, jambo ambalo halikutekelezeka.

Waziri aliipokea habari hiyo vizuri. Kwa wiki mbili alijikuna kwa fahari. Nasikia hata mawaziri wengine, ambao hawakuwa na kitu, walianza kujikuna kwenye vikao vya juu ili wasionekane wamebaki nyuma. Kisha siku moja, akiwa jukwaani anasoma hotuba kuhusu usafi wa mwili, alishindwa kufika aya ya tatu. Aliweka karatasi chini, akajikuna mbele ya watu elfu mbili, kuanzia kiunoni hadi kwapani, akatoka mbio kuelekea kwenye gari.

Yaliyofuata nilisimuliwa na dereva wake, mtu mpole ambaye watoto wake wawili walikuwa wamewahi kuugua.

"Mheshimiwa," dereva alimwambia, "samahani kwa kuingilia. Kuna daktari msichana kule mwisho wa lami. Wanangu aliwaponya ndani ya wiki."

"Ni bingwa?"

"Sijui, mama. Anatazama tu."

Wakaenda. Waziri alikaa kwenye benchi na kupewa kadi namba kumi na saba, kwa sababu karani wa zahanati hakumtambua bila kilemba. Zamu yake ilipofika, alinyoosha mikono na kusema, "Kamati imeniambia ni mwasho wa uongozi."

"Uongozi wake sijui, Mheshimiwa," alisema Binti Dobi, "lakini mdudu wake tutamwona sasa hivi."

Alichukua sindano, akachokonoa kidogo mwisho wa kistari, akaweka alichokitoa kwenye kioo, akakisogeza chini ya hadubini. Waziri akainama. Dereva anasema alikaa ameinama muda mrefu.

"Anatembea," alisema Waziri.

"Ndiyo, mama."

"Ana miguu mingapi?"

"Minane."

"Na Kamati ina maprofesa wangapi?"

"Watano."

"Watano. Hakuna hata mmoja aliyemwona?"

"Mimi nilimwona siku ya usaili, Mheshimiwa. Nilipewa sifuri."

Waziri aliomba kiti. Akaomba maji. Kisha akauliza hadithi nzima tangu mwanzo, akapaka dawa nyeupe kuanzia shingoni hadi nyayo, nyuma ya pazia, kama walivyopaka wale kumi na sita waliomtangulia. Alipotoka, binti alimpa chupa za dereva, za mume, za watoto na za mpishi.

"Mtapaka leo hii hii, mama. Na mashuka yachemshwe. Na kila aliyekushika mkono aletwe hapa."

"Wataletwa," alisema Waziri.

Tuliletwa. Lilikuja basi la wizara asubuhi, na dereva alikuwa na orodha, na jina langu lilikuwa la kwanza kwa sababu za kiherufi tu. Uani kwenye zahanati alikuwepo dobi, aliyeletwa kwa gari la serikali, pamoja na pipa lake. Maprofesa watano, waombaji arobaini na watatu, na mimi, tulivuliwa mashati. Nimehudumu miaka kumi na nne bila mtu wa ofisi kuona kitovu changu. Siku hiyo kilionekana na watu waliokuja kwa kikohozi.

"Katibu," dobi aliniita kutoka kwenye pipa, "leta hayo majukumu yako niyachemshe!"

Foleni nzima ilicheka, hata Makala, ambaye nilikuwa nimempenda.

Mwenyekiti alipoingia chumba namba tatu, nilikuwa nyuma yake, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Binti hakumsimanga. Afadhali angemsimanga. Alimwamkia, akamwekea kiti, akafungua daftari.

"Profesa, nyumbani kwako alianza nani?"

Mwenyekiti alikaa, makwapa yake yakionekana, mzee mwembamba kuliko nilivyowahi kudhani.

"Mjukuu wangu," alisema mwishowe. "Alirudi kutoka shule ya bweni anajikuna. Mama yake alimleta kwangu."

"Ukampa nini?"

"Nilimwambia mama yake abadilishe sabuni."

"Ulimtazama mikono?"

"Hapana."

"Ni lini mara ya mwisho ulimtazama mgonjwa, Profesa? Simaanishi kwenye picha."

Alihesabu kwa vidole, vile vile vilivyokuwa na vistari. Vilipofika kumi na kimoja, kwa maana alianza upya na mkono wa kwanza, aliacha kuhesabu. "Miaka," alisema. Binti akaandika.

Barua ya Waziri ilitoka siku tatu baadaye, na kwa mujibu wa utaratibu niliichapa mimi mwenyewe. Ilifuta Kipimo cha Mkono. Ilifuta kanuni yangu ya kuomba mara moja. Ilimpa Binti Dobi nafasi ya ubingwa wa ngozi kuanzia muhula ujao, bila usaili zaidi, na iliacha nafasi ya pili wazi mpaka apatikane mtu. Makala na Losheni waliruhusiwa kuomba upya, baada ya kukaa kliniki Alhamisi mia moja kwenye benchi. Na kwa kuwa muhula ujao ulikuwa bado miezi mitatu, iliagiza kwamba maprofesa wote watano wahamishiwe kwa muda zahanati ya mwisho wa lami, wakajikumbushe, chini ya uangalizi wa daktari aliyepo. Katibu wa Kamati aambatane nao kwa kazi atakayopangiwa.

Nilipangiwa dirisha la kadi.

Kwa hiyo sasa natoa kadi. Ni kazi muhimu, na nimeshaandaa mwongozo wa kurasa kumi na mbili wa namna ya kuipokea kadi, ingawa hajausoma mtu. Maprofesa huja na basi la saa moja. Mwenyekiti hushika sinia la sindano, na binti akiinama juu ya mkono wa mgonjwa yeye naye huinama, miwani puani, na juzi nilimsikia akisema, "Aa, hiki hapa," kwa sauti ya mtoto aliyeokota kitu. Nilijisikia vibaya sana kwa niaba ya taifa.

Leo asubuhi alikuja bibi mmoja na kitenge mabegani, amemshika mjukuu wake mkono. Aliegemea dirisha langu.

"Mwanangu, nimesikia hapa kuna daktari wa ngozi."

"Bibi," nilimwambia, na niliuona umuhimu wa kunyoosha mgongo, "hapa kuna madaktari sita wa ngozi. Watano kati yao ni maprofesa."

Alimsogeza mjukuu wake mbele.

"Na anayejua ni yupi?"

Nilitazama kulia na kushoto. Kisha nikamkatia kadi na kumwelekeza chumba namba tatu.